Kabla Hujanunua Meza ya Biliadi, Inama

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilivyolala chali kwenye sakafu ya gereji huko Gikondo, gauni langu la kanisani limejaa vumbi na grisi, wanaume wamesimama wananicheka. Sikuona haya siku ile, na leo sioni. Umesema unataka kununua meza ya biliadi iliyotumika. Basi keti nikueleze.

Siku zile vita vilikuwa bado mbali, kule mpakani. Mume wangu, fundi seremala, alikuwa amefariki na kuniachia watoto, na nyumba yenye chumba kikubwa cha mbele alichofanyia kazi. Nikaamua kukifanya kabare, mahali pa watu kunywa na kucheza biliadi. Shemeji yangu Viane hakutaka. Alitaka nirudi kwa wazazi wangu, nyumba ibaki kwa ukoo wa mume wangu. Nilipokataa akalainisha sauti: "Sawa, fungua. Lakini meza nitakutafutia mimi."

Asubuhi ya kwenda kuiona, mama mkwe wangu, mama yake huyo huyo Viane, alinikuta nikijipamba. Alikuwa mtu wa misa, hapendi biliadi hata kuisikia.

"Unakwenda kununua, au unakwenda kupendeza?" akaniuliza kwa ukali. "Chukua pima maji ya marehemu. Na mimi nakuja."

Meza ilikuwa nzuri machoni, nisikudanganye. Kitambaa cha kijani kipya, miguu iking'aa kwa vanishi. Muuzaji, rafiki wa Viane, akaipigapiga kwa kiganja, Viane mwenyewe kasimama kando yake.

"Madamu, hii iko kama mpya. Lipa leo, kesho iko kwako."

Nikaweka pima maji juu yake. Kitone cha hewa kikakimbilia pembeni. Akasema sakafu ndiyo mbovu. Nikasukuma mpira polepole kutoka upande mmoja. Ulipofika katikati ukakata kona wenyewe. Nikaomba afungue kitambaa kidogo tu, nione jiwe lililo chini yake.

"Oya!" akang'aka. "Kitambaa kipya hakifunguliwi."

"Basi nitaangalia kwa chini."

"Usiniaibishe mbele ya watu," Viane akaninong'oneza.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameketi juu ya tairi, rozari mkononi. "Inama, binti yangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Anayeona aibu atoke nje."

Nikalala chini, nikaingia chini ya meza. Vicheko vikalipuka. Mwanangu, uzuri wa meza ya biliadi ni bamba la jiwe linalobeba kitambaa; likiwa zima na limenyooka, mengine yote yanatengenezeka. Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Pembeni mlio ulikuwa mzito, jiwe kweli. Katikati pakatoa mlio kama wa mlango wa mbao. Nikakwaruza kwa ufunguo, rangi ya kijivu ikabanduka, ubao ukatokea. Jiwe la katikati lilikuwa limevunjika zamani, wakaziba kwa mbao.

Nikatoka na kuwaonyesha ufunguo wenye unga wa mbao. Vicheko vikaisha.

"Hakuna atakayekuuzia meza tena mji huu," Viane akasema.

"Nitatafuta mpaka nje ya mji," nikamjibu. "Na nyumbani kwangu sihami."

Mama yake alisimama, akapangusa vumbi mgongoni mwangu, tukaondoka.

Meza niliyoinunua baadaye ilitoka Kicukiro, kwa mzee aliyekuwa anafunga kabare yake. Kitambaa kilikuwa kimechanika kama shuka la mgonjwa, na watu walinicheka tena. Lakini jiwe lilikuwa zima, na mpira ukigonga kingo ulirudi kwa nguvu. Nilipima mlango wangu kwanza nione kama itapita, nikamlipa fundi aifungue vipande na kuisimamisha upya kwangu. Kitambaa nilikibadilisha. Wateja walikuja, watoto walikula, na Viane mwenyewe alikuja kucheza, akalipa kama wengine. Vita vilipofika mjini nilikimbia na watoto na mama mkwe. Meza niliiacha, wala sikuililia.

Kwa hiyo, mwanangu, usinunue kitambaa, nunua jiwe. Sukuma mpira polepole, gonga kingo, shika fimbo uone kama zimepinda, uliza kwa nini anauza. Ukikatazwa kutazama chini, ondoka, hata kama anayekukataza ni ndugu. Na wakikucheka, waache wacheke. Kazi yako siku hiyo ni kununua.

Nenda. Mungu akupe macho makali na shingo ngumu, na nyumba yako ijae watu wenye furaha.