Beseni la Mama Mkubwa

Nilikuwa mtoza ushuru wa soko katika komini moja ya Bukavu. Kila asubuhi nilipita kati ya meza nikikata tikiti, na meza ya tatu ilikuwa ya mama mkubwa, dada ya mama yangu, aliyenilea. Aliuza sambaza kavu, vile vidagaa vya ziwani. Alilipa kabla sijamwomba, ili wenzake wasiseme ninampendelea.

Mfereji wa soko, tunaouita kanivo, ulikuwa umeziba tangu zamani. Akina mama walinituma kwa bugumestre, mkuu wa komini, nami nikaenda. Alinisikiliza akiwa ameegemea dirisha.

"Ushuru yote tunapandisha ku mairie, kwa meya," akasema. "Wanasemaka watarudisha sehemu yetu. Njo tunangojea."

Mimi nami nilikuwa nangoja. Mshahara ulikuwa haujaonekana kwa miezi.

Mvua ikanyesha kutwa. Matope yakashuka kutoka mlimani, yakapita juu ya mfereji na kuingia sokoni. Mama mkubwa alipoteza magunia mawili. Kesho yake wanawake walikunja vitenge, wakashika majembe, wakazibua mfereji siku tatu, peke yao. Siku ya nne wakakataa kulipa.

Bugumestre akatuamuru sisi watoza ushuru tukamate vitu vya waliokataa. Nilimwomba mwenzangu mmoja apite upande ule wa meza ya tatu. Yeye akaniambia kila mtu na mstari wake.

"Mama, usinilaumu," nikamwambia. "Njo wamenituma."

"Mwaka muzima umenikatia tiketi," akajibu polepole. "Kanivo tumezibua na mikono yetu. Leo niko nalipa nini?"

Akaniangalia viatu, kisha akalisukuma beseni la sambaza hadi likanigusa tumbo.

"Beba. Batoto yako nabo banakulaka."

Nikabeba. Wanawake walinifungulia njia.

Vile vitu viliuzwa uani kwa komini alasiri ileile, na wanunuzi wa kwanza walikuwa wafanyakazi wenyewe. Kilichopatikana, bugumestre alitugawia papo hapo. Hakuna hata faranga moja iliyopanda ku mairie, wala iliyoshuka kwenye mfereji. Nilinunua unga na mafuta. Mke wangu aliuliza fedha zimetoka wapi.

"Komini imelipa," nikasema. Alifurahi, akaanza kuimba huku akisonga bugali. Nilikula.

Mama mkubwa hakurudi tena sokoni. Anauzia mlangoni kwake, kwa wapita njia wachache. Nilingoja majuma mawili ndipo nikaenda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanipa chai, akauliza habari za watoto mmoja mmoja. Nilipotaja beseni, akasimama kwenda kuanua nguo. Nilikaa pale hadi chai ikapoa. Afadhali angenitukana.