Wimbo wa Saba kwa Vitufe Vyeusi

Saa nane na dakika arobaini na saba za mchana, siku ya Alhamisi, mpiga gitaa aliyetoka Uvira aliinua mkono na kuniomba nisimamishe. Tulikuwa ukumbini, kwenye mazoezi ya harusi ya Jumamosi. Hatukuwa tumemaliza hata mstari wa kwanza. Nilitazama saa yangu, kwa sababu ndiyo kawaida yangu: kitu kikiharibika, naandika saa kilipoanza kuharibika.

"Papa," alisema, "we na mi tuko wimbo moja?"

"Wa saba," nilijibu.

"Wa saba ni gani? Mi najua ule wa bibi harusi."

Ulikuwa uleule. Mimi niliujua kwa namba tu, kama nilivyozijua nyimbo zote kumi na saba za ile sidii. Niliinunua katika soko la Baraka, kwenye rundo la vitu ambavyo wageni fulani waliacha walipofunga ofisi yao: viti vya plastiki, faili tupu, feni, na sidii moja. Ilikuwa mkusanyo wa nyimbo zilizopendwa kuliko zote za mzungu mmoja anayeimba huku akipiga piano. Karatasi yake ya ndani ilikuwa imeloa, majina ya nyimbo yamefutika. Kiingereza sikijui. Nikazipa namba katika daftari, nikaanza na ya kwanza.

Kazi yangu ni kupima magunia. Mihogo na mahindi kutoka Lubondja, samaki wakavu kutoka Kazimia, vyote vinapita kwenye mzani wangu hapa Baraka kabla ya kuingia depo. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, naweka kwenye mzani kipande cha chuma ambacho najua ni kilo ishirini. Mzani ukisema ishirini, tunaanza kazi. Ukisema kumi na tisa na nusu, hatuanzi. Wafanyabiashara wamenitukana kwa ajili ya chuma hicho, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema namuibia.

Muziki nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa na kitabu kimoja cha solfeji, cha kujifunza noti, kwa Kifaransa, redio ndogo ya kuchezea sidii, na klavie, yaani piano ya umeme, ya kanisa letu, ambayo mhudumu aliniruhusu kuitumia Jumatano na Ijumaa, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Nilisikiliza kipande kifupi, nikakitafuta kwa kidole kimoja, nikakiandika, nikarudi nyuma. Wimbo wa kwanza ulinichukua miezi mitano. Zote kumi na saba zilinichukua miaka kumi na moja.

Zilikuwa ngumu kwa namna ambayo kitabu hakikunitayarishia. Kitabu kilianza na funguo ya do, vitufe vyeupe peke yake, na kikasema huko ndiko mahali pepesi. Mzungu huyu hakukaa mahali pepesi hata mara moja. Wimbo wa saba ulikuwa katika funguo ya si, noti ya saba, na funguo hiyo ina vitufe vyeusi vitano. Wa tisa ulikuwa na vinne, wa kumi na mbili tena vitano. Kidole changu cha nne cha mkono wa kulia kilivimba kwenye kiungo na hakijanyooka tena. Nilimheshimu mtu huyo. Nilijiambia kwamba watu wanampenda bila kujua anavyoumia, ila mimi najua, kwa sababu nimepita alipopita. Sikuwa na rafiki wa karibu kuliko yeye.

Hapa Baraka wapiga klavie wengi wa makwaya hawajifunzi hivyo. Wanajua funguo moja tu. Mwimbaji akianza juu, wanabonyeza kitufe cha transpoze, mashini yenyewe inapandisha sauti, na vidole vinabaki palepale. Mimi nilikataa. Nilisema mbele ya kwaya, na si mara moja, kwamba anayebonyeza kitufe hicho ni sawa na mpimaji anayeweka kidole kwenye mzani. Walicheka, lakini walisikia.

Binti aliyekuwa anaolewa alikuwa amesoma Lusaka. Jumatano moja alipita kanisani, akanisikia, akasimama mlangoni mpaka mwisho. "Papa, huu wimbo umeutoa wapi?" aliuliza. Nikamwonyesha daftari. Akasema ataingia ukumbini kwa wimbo huo na si mwingine, upigwe na mimi. Komite ya harusi ikaniahidi dola mia na ishirini, na rais wa komite, shangazi yake mwenye mashua mbili Kazimia, akasema jamaa zake wana harusi nyingine tatu mwaka huu.

Klavie ya kanisa haitoki kanisani. Ni sheria ya wazee. Kwa hiyo nikaenda kwa mke wangu. Tulikuwa tumeweka dola mia nne za mabati, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa bado na nyasi upande wa chumba cha kulala, na nyasi zile zilikuwa zimeoza. Nilimwandikia hesabu kwenye karatasi: harusi nne, mabati yote, na klavie inabaki yetu.

Alisoma polepole. "Na mvua?" aliuliza.

"Mwezi moja tu."

"Mi sijui muziki," alisema. "Najua ile nyasi."

Lakini alinipa. Hilo silisahau. Hakushawishika, alinipa tu. Klavie ilinunuliwa Uvira kwa dola mia tatu na themanini, na mashua ikaileta kwa kumi na tano. Ilifika Jumanne. Niliipiga nyumbani, nikaona sauti yake ni nzito kidogo kuliko ya kanisa, nikasema ni upya wa spika. Redio yangu ilikuwa imekufa zamani, na sidii sikuihitaji tena. Nilikuwa nayo yote vidoleni.

Turudi Alhamisi. Mpiga gitaa, mtu mzima mwenye ndevu, hakukasirika. Alibana kwenye kichwa cha gitaa lake kifaa kidogo cha kupimia nyuzi, kinachoonyesha jina la sauti kwenye kioo. Nyuzi zote zilikuwa sawa. Kisha akakisogeza karibu na spika yangu na kuniambia nipige mwanzo wa wimbo. Kioo kikaonyesha noti ya si.

"Wimbo iko katika do," alisema. Akatoa simu, akaucheza kama mzungu alivyouimba, akaweka kifaa pale. Kikaonyesha do.

Wanakomite walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi. Waimbaji wawili wa kwaya yetu walikuwa pamoja nao.

"Haina shida," mpiga gitaa aliendelea. "Papa, bonyeza transpoze mara moja, panda demi-toni, nusu sauti tu, tunaendelea."

Kitufe kilikuwa mbele yangu, upande wa kushoto, kipya na kinang'aa. Ningekibonyeza, kazi ingeisha.

"Eh, Papa," mmoja wa waimbaji alisema kwa upole sana, "ile si kidole kwenye mzani?"

Watu walicheka. Hata mimi ningecheka, kama ningekuwa kwenye kiti chake. Lakini nilisema, "Nitapiga katika do."

"Unaweza?" rais wa komite aliuliza.

"Ni vitufe vyeupe tu," nilisema. "Hata mtoto anaweza."

Sikuweza. Vidole vyangu vilikuwa vimejengwa kwa ajili ya vyeusi. Kila nilipoviweka kwenye vyeupe vilipanda vyenyewe, kama watu wanaorudi kwao. Nilijaribu mara tisa. Mara ya tisa rais wa komite alisimama, akakunja karatasi ya bajeti.

"Papa yangu, sisi tunaheshimu masomo yako," alisema. "Ila Jumamosi mutoto wangu anaingia hapa na bashemeji yake bote wanaangalia. Simu iko na wimbo tayari. Tutaweka simu kwa spika."

"Nipeni mpaka kesho," nilisema.

"Kesho ni ya nyama na mchele. Kama unabonyeza, bonyeza sasa."

Sikubonyeza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu halina heshima: walikuwa wananitazama.

Nilimwomba mpiga gitaa kifaa chake kwa nusu saa, nikaenda kanisani. Klavie ile ni ya zamani, kioo chake kimekufa na vitufe vya juu vimezama. Nilibonyeza do. Kifaa kikaandika do dieze, nusu sauti juu yake. Nilibonyeza re, kikaandika re dieze. Nilibonyeza si, kikaandika do. Miaka na miaka iliyopita mtu fulani alikuwa amepandisha transpoze mara moja, kitufe kikazama hivyo, na kwaya yote, magitaa yote, yakafuata. Mimi, mwenye chuma cha kilo ishirini, sikuwahi kutafuta sauti moja ya kuipimia klavie ile.

Kwa hiyo mzungu alikuwa amekaa mahali pepesi. Wimbo wa saba, do. Wa tisa, fa. Wa kumi na mbili, sol. Kurasa za kwanza za kitabu changu. Hakuumia popote, na kidole changu kilivimba kwa ajili ya ugumu ambao hakuwahi kuupiga. Tena sidii yenyewe ni maisha ya mtu yaliyochujwa: nyimbo zilizoshindwa hazimo. Nilisoma maisha ya namna hiyo miaka kumi na moja, nikadhani yanafanana na yangu.

Jumamosi bibi harusi aliingia kwa simu. Walisema ilipendeza. Harusi nyingine tatu sikuitwa.

Mvua ilianza wiki iliyofuata. Mke wangu alisogeza kitanda, akaweka sufuria mbili. Jioni ya tatu aliuliza, "Ile kitufe, kubonyeza inachukua muda gani?" Nilimwambia: sekunde moja. Akatingisha kichwa, akamwaga sufuria.

Klavie niliiuza kwa kiongozi wa kwaya mmoja wa Lubondja. Aliijaribu mbele yangu pale depo, kati ya magunia. Kitu cha kwanza alichobonyeza ni transpoze. Alinihesabia dola mia mbili na arobaini. Pamoja na nauli ya mashua, hasara ni dola mia moja hamsini na tano.