Siku Tairi Langu Lilipotangulia

Kwa miaka kumi na saba nilikula mshahara wa kukimbiza baiskeli, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kushinda hata mara moja. Nasema mapema nisimpotezee mtu muda. Nilikuwa mfanyakazi wa timu. Kapteni akishikwa na kiu, mimi ndiye niliyerudi nyuma kwenye gari kumletea maji. Upepo ukivuma, nilikaa mbele yake nikaukinga kwa kifua changu. Akipata pancha, nilichomoa tairi langu nikampa, yeye akaendelea, nami nikabaki kando ya barabara kungoja gari la vifaa. Kocha alipenda kusema kwamba kapteni akipata pancha, mguu wangu unagusa lami kabla ya wake.

Baba hakuyaelewa haya. Alikuwa na duka la misumari na rangi Buguruni, alilorithi kwa babu, na kwake baiskeli ni chombo cha kubebea mzigo. "Mkaa hubebi, mikate hubebi," alinichamba mara nyingi mbele ya wateja, "sasa hiyo baiskeli ya nini?" Hakuwahi kuja kunitazama. Siwezi kusingizia kwamba haikuniuma. Iliniuma sana, na kwa kuwa hasira zangu ziko karibu, kuna mwaka mzima nilipita dukani kwake nikatoa shikamoo tu na kuondoka.

Magoti yaliponikatalia, nilimwambia kwamba mbio za Jumapili ile, za kwenda Bagamoyo na kurudi kumalizia Tegeta, ndizo zangu za mwisho. Alikuwa anapima misumari. Alimaliza kupima, akaifunga kwenye gazeti, akampa mteja. Kisha akasema, "Nitakuja."

Niliporudi kambini uso ulinisaliti. Kapteni wetu, kijana wa Singida aliyekuwa akienda kanisani kila alipopata nafasi, alinibana mpaka nikasema. Akawaita wenzake. "Kesho sie tunamfanyia kazi braza," aliwaambia. "Mzee wake anakuja, lazima amwone yuko mbele." Hakuna aliyebisha.

Basi siku hiyo nilibebwa kama yai. Niliowaletea maji miaka yote waliniletea maji mimi, nikayanywa kwa aibu. Tulipopita Bunju tukirudi tulikuwa wawili tu mbele, kapteni akinikinga upepo, mimi nimejibanza nyuma ya mgongo wake. Kundi tulikuwa tumeliacha mbali. Nakiri nilishaanza kujiona: Baba kando ya barabara, mimi nikivuka na mikono juu.

Ndipo tairi lake la mbele likapasuka. Aliinua mkono akapiga kelele, "Nenda, braza! Nenda!" Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini mikono iliyofanya kazi moja kwa miaka kumi na saba haiulizi kichwa. Akili iliponirudia nilikuwa nimeshasimama, tairi langu nimeshalichomoa, na nilikuwa namalizia kulikaza kwenye baiskeli yake.

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyekaribia kulia.

"Braza, umefanya nini? Si leo ni siku yako?"

Nyuma yetu kundi lilishaonekana kwenye kona. Tungesema tubadilishane tena, wote wawili tungepitwa.

"Panda," nilimwambia. "Panda bwana, mmoja wetu afike!" Nikamsukuma mgongoni kwa nguvu zangu zote.

Gari la vifaa lilipofika lilikuwa limeishiwa matairi ya akiba, likataka kunipakia; nililipungia lipite. Sikutaka kuletwa mbele ya Baba nimekaa kwenye kiti. Nilifunga lile tairi bovu la kapteni kwenye baiskeli yangu, nikavua viatu vya mbio visivyotembeka, nikaanza kuikokota nikiwa na soksi tu. Njia nzima nilijitukana. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo aliniuliza, "Imekushinda, baba?" Nikamjibu kwamba imenishinda.

Nilipofika Tegeta watu walikuwa wametawanyika na kamba zinakunjwa. Kapteni alikuwa ameshinda, kwa kipande kidogo mno hata waamuzi walibishana. Nilimwona amesimama karibu na mstari, na Baba, katika kanzu yake nyeupe, amechuchumaa mbele ya baiskeli ya kapteni kama anakagua bidhaa. Hawakuniona nikisogea.

"Kinachotazamwa pale mstarini ni kitu gani?" Baba aliuliza. "Kichwa cha mtu?"

"Hapana, mzee. Tairi la mbele."

"Na hili ni la mwanangu?"

"Ni lake, mzee. Langu analo yeye huko njiani."

Baba alilishika lile tairi, akalizungusha taratibu, akalitazama likizunguka mpaka likasimama lenyewe. Kisha akainuka, akaniona. Nilitaka kumwomba radhi, lakini hakuningoja. Alinijia na vumbi likishika pindo la kanzu, akaninyang'anya baiskeli mkononi, yeye ambaye hakuwahi kuigusa tangu niinunue. Akaikokota na tairi lake bovu mpaka ng'ambo ya mstari, akageuka.

"Njoo basi," aliniita. "Tairi lako limeshafika. Njoo umalize na wewe."