Meli Haimngoji Aliyejipangia

Siku yangu ya kwanza kazini niliona mume na mke wakiachwa na meli. Nilikuwa nimetoka Birongo, kwetu Kisii, juzi tu, msichana ambaye hakuwahi kuona maji mengi kuliko ya mto Gucha wakati wa masika, nikaajiriwa na kampuni moja ya kupokea watalii katika bandari ya Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kusimama gatini, mahali meli inapofungwa kamba, na kuhakikisha kwamba kila aliyepanda basi letu asubuhi amerudi jioni. Mabasi yetu yalikuwa yamerudi, nikadhani siku imekwisha. Ndipo teksi ikaingia mbio, wakatoka wale wawili, mume amekumbatia kinyago cha mbao, wakakimbilia ngazi ambayo ilikuwa imeshavutwa juu.

Nilipiga kelele, "Wangojeni!"

Mkuu wa Gati, bwana mmoja wa Kisauni aliyeizeekea kazi hiyo, alinitazama bila hasira. "Nani awangoje, binti? Rubani wa bandari yuko juu, tagi, boti za kuvuta meli, zishaanza kazi, na nje kule meli nyingine yangoja nafasi hii hii. Kamba ikishafunguliwa, hata nahodha mwenyewe hawezi kuirudisha."

"Lakini basi letu moja lilichelewa pia, na lilingojwa."

"Wale walinunua matembezi ya meli. Hawa wamejipangia. Meli haimngoji aliyejipangia. Lishike hilo, kazi yote imo humo."

Nililishika. Mke alikaa chini juu ya sakafu ya gati akavua viatu, na mimi niliyekuwa mgeni wa bahari nikaona aibu kana kwamba ni mama yangu.

Ninyi vijana mnaouliza tulifanyaje kazi kabla ya simu kumwambia mtu kila kitu, sikilizeni. Abiria wa meli ya matembezi akifika bandarini ana njia mbili. Ya kwanza ni kushuka na kundi la meli, aongozwe kama kondoo, na basi likipata pancha meli itamngoja. Ya pili ni kujipangia mwenyewe: anatafuta gari lake, anakwenda atakako, na akichelewa ni shauri yake. Atabaki na nguo alizovaa, kisha atafute ndege ya kuiwahi meli bandari inayofuata. Wengi wanaosafiri mara ya kwanza hupenda njia ya pili kwa sababu ina uhuru, na ni hao hao wanaolia.

Mkuu wa Gati alinifundisha kuipanga siku kinyumenyume. Huanzi na asubuhi. Unaanza na saa ya mwisho ya kupanda, ambayo si saa ya kuondoka. Huitangulia, na ngazi haijui huruma. Kutoka hapo unarudi nyuma: toa muda wa ukaguzi langoni, toa foleni ya barabarani, toa akiba ya balaa usiyoijua. Kama meli imetia nanga nje na watu wanaletwa kwa boti, toa na foleni ya boti. Kinachobaki ndicho cha msafiri. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo, na kazi yangu ilikuwa kumwambia mtu hivyo usoni. Nilimwambia pia avae saa ya mkono na kuiweka katika saa ya meli, maana meli hushika saa yake, na simu ikifika nchi ya watu hujibadilisha bila kuuliza.

Baadaye kampuni ikafungua tawi Kisii mjini, nikahamishwa. Meneja wa Tawi alikuwa mama mmoja mkali wa Nyamira, aliyekuwa mwalimu wa hesabu huko Sironga kabla ya kuingia biashara. Siku niliyoripoti alinipokea kwa maneno haya: "Moraa, hapa tunauza tikiti za ndege kwa watoto wanaokwenda kusoma. Meli zako umeziacha Mombasa."

Alikosea kidogo. Watoto wale walisoma, wakapata kazi huko nje, wakaanza kuwatunuku wazazi safari. Wakaja ofisini wazee kutoka Birongo na Ekerenyo, watu waliozoea kituo cha kununulia majani chai, wanaulizia meli yenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Mama Meneja alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Haya, zitoe meli zako." Alipostaafu, kiti chake nikakikalia mimi.

Nitasema ukweli: sikuwa mpole. Sisi Wakisii ni watu wa kazi, lakini mtu akikuambia kwa simu kwamba yuko njiani, jua bado anatafuta soksi. Niliwagombeza wateja wangu hadi wengine wakaniita askari. Nilikubali jina hilo, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kuachwa.

Sasa niwaeleze safari iliyonitoa jasho kuliko zote.

Walikuja mume na mke kutoka Ekerenyo, wakulima wa chai, Wasabato wa tangu utotoni. Bwana alikuwa mzee wa kanisa. Tulimwita Mzee tu. Mkewe tulimwita Mama Kemunto, kwa jina la binti yao, muuguzi nchi za nje, aliyewalipia meli ya kutoka Mombasa kuzunguka visiwani na kurudi. Mama hakuuliza juu ya bwawa wala vyakula. Alitia kidole kwenye ramani iliyokuwa ukutani, juu ya kisiwa cha Morisi.

"Inasimama hapa?" aliuliza.

"Kutwa moja tu, Mama. Bandari ya Port Louis."

"Hapo ndipo Osoro alipo."

Osoro alikuwa kitindamimba wao. Alikwenda kufanya kazi hotelini kisiwani, akafa wakati wa korona, viwanja vya ndege vimefungwa. Wasabato wa huko walimzika. Ninyi wa nyumbani mnajua uzito wa jambo hilo: Mkisii huzikwa kwao, karibu na migomba ya baba yake. Mama alikuwa hajaliona kaburi. Kwenda kwa ndege kusingewezekana bila kumwacha Mzee, ambaye daktari alimkataza ndege kwa sababu ya mapafu, na Mama alisema hatakwenda kumwona mtoto akiwa nusu ya wazazi.

Mnaona ubaya wake. Hakuna basi la meli linalopeleka watalii makaburini, kwa hiyo ilibidi wajipangie. Na wakiachwa, hakuna ndege ya kuwaokoa. Mzee angekwama kisiwani, mgonjwa, ugenini. Mimi ndiye niliyepaswa kuzipanga saa za siku hiyo, na usingizi ulinipaa.

Halafu nikagundua kwamba siku ya Port Louis ilikuwa Jumamosi.

"Mtakwenda kaburini kwanza," niliwaambia, "kisha kanisani mkipata nafasi."

Mzee aliweka kofia yake mezani. "Sabato tunaanza na Mungu. Ninyi Wakatoliki mna misa fupi, unadhani kila ibada ni ya kukimbia?"

"Mzee, meli haijui Sabato."

"Na Sabato haijui meli."

Tulivutana hivyo hadi Mama akachoka. "Mimi nataka kukaa na mtoto," alisema. "Zile zingine panganeni."

Nilimpigia simu mzee wa kanisa la huko Port Louis, mtu mpole mwenye Kiingereza cha taratibu. Tukaafikiana: wageni watasali kipindi cha asubuhi, wataondoka kabla ya mahubiri, na chakula hakitaliwa kanisani. Akina mama waliomuosha na kumzika Osoro watakibeba hadi makaburini, kiliwe huko kwa pamoja. Nilijua kwamba Mama hawezi kuondoka kwa watu waliomzikia mtoto bila kula chakula chao. Nikaweka na akiba kubwa, kubwa kuliko niliyowahi kuweka, kisha nikawasindikiza kwa maombi yangu ya Kikatoliki.

Jumamosi hiyo nilifungua ofisi peke yangu. Mji ulikuwa umepoa, maduka ya Wasabato yamefungwa. Dereva wa huko alikuwa akinitumia ujumbe kwa simu. Wamefika kanisani, akasema. Kisha kimya kirefu. Nilipouliza, akajibu kwamba mgeni ameombwa kutoa salamu za kutoka Kenya.

Nilishika kichwa. Mpe mzee wa kanisa kutoka Gusii kipaza sauti, kisha uende ukapalilie shamba, ukirudi utamkuta bado anasalimu. Mzee aliisalimu Port Louis hadi akiba yangu yote ikaisha. Walipofika makaburini, muda uliobaki ulikuwa ule wa kula na kukaa kidogo, basi.

Simu iliita. Alikuwa Mzee, na sauti yake ilikuwa imenyong'onyea.

"Moraa, Mama amekataa kuondoka. Dereva anasema tumechelewa. Nimemwomba, amekataa."

"Mpe simu."

Nilisikia upepo, kisha pumzi zake. Tuliongea Kikisii, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Mama, ni mimi, Moraa. Meli inaondoka."

"Iende."

"Na Mzee? Akiachwa huko atarudije?"

"Najua, mwanangu. Usinihesabie, najua." Alikuwa analia. "Moraa, nimekuja kwa mtoto wangu. Nimekaa kwake, nimekula kwake. Sasa ninyanyuke niende peke yangu, hakuna wa kwake wa kunitoa njiani hata hatua moja? Ni mwizi anayetoka nyumba ya mtu namna hiyo. Mimi nimemwibia nini Osoro?"

Katika miaka yangu yote ya kupanga saa sikuwa nimelipangia hilo muda. Kwetu mgeni hatoki peke yake. Mwenye nyumba humtoa, wakaongea njiani yale waliyoyasahau ndani, hadi mgeni mwenyewe amwambie arudi. Mama hakuwa na kiburi wala wazimu. Alikuwa anasubiri kusindikizwa, na aliyepaswa kumsindikiza alikuwa chini ya udongo. Nikalia mimi pia, na simu mkononi.

Kisha nikauliza, "Mama, akina mama waliopika bado wapo?"

"Wapo. Wamesimama tu, wananitazama."

"Ni nani waliomuosha Osoro?"

"Ni hao."

"Nani aliyemvalisha? Nani aliyemwimbia siku ya kuzikwa, sisi tukiwa tumefungiwa huku?"

"Ni hao hao."

"Basi hao ni watu wa kwake. Hiyo ni nyumba yake, na wao ndio jamaa zake. Mwambie Mzee awaeleze kwa Kiingereza kwamba mgeni wa Osoro anataka kutolewa."

Nilimsikia Mzee akieleza, anakwama, anaanza upya. Halafu mwanamke mmoja akaanzisha wimbo kwa lugha ya kwao, wengine wakaupokea, na chini ya wimbo nikasikia viatu vikikanyaga kokoto. Walikuwa wanatembea. Simu ikakatika.

Sikwenda popote. Nilikaa nikiangalia ile ramani hadi ujumbe wa dereva ulipoingia: wamepanda, wa mwisho kabisa, na ngazi ikavutwa nyuma yao. Nilifunga ofisi nikaenda kanisani kwetu, nikakaa kiti cha nyuma bila kusali neno lolote.

Nimestaafu sasa. Ofisi ina meneja kijana, hodari, ambaye simu yake humwonyesha meli ilipo na foleni ilivyo, na sina wivu naye. Ninapalilia migomba yangu Birongo. Akinitembelea humwambia kwamba hesabu ile ya kinyumenyume bado ni sahihi, lakini kabla ya kuianza amuulize mtu anakwenda kwa nani. Simu haitamwambia hilo. Kila mtu ana jambo ambalo hawezi kuondoka bila kulifanya, na lisipopangiwa muda litajichukulia lenyewe.

Mzee alifariki mwaka jana, mapafu yale yale, akiwa kitandani kwake. Alizikwa nyumbani. Baada ya matanga nilikwenda Ekerenyo kumpa Mama pole, nikakaa naye kutwa, akanipikia, tukala. Hatukuitaja Port Louis. Nilipoaga alichukua fimbo yake akanitoa, tukashuka polepole kati ya mashamba ya chai, na njiani ndipo alipoanza.

"Wale akina mama walinitoa vizuri," alisema. "Waliimba hadi langoni. Lakini mimi nilijua nani mwingine yuko nyuma yangu. Mama hakosi kujua. Kwa hiyo langoni niligeuka, nikamwambia, 'Rudi sasa, mwanangu. Umenifikisha.' Kisha nikaingia garini."

Tulikuwa tumefika barabarani. Bodaboda ilisimama, dereva akatutazama, anangoja. Ilikuwa zamu yangu kumwambia Mama arudi, naye alikuwa amesimama pale anayasubiri maneno hayo. Nilimshika mkono, nikamwambia yule dereva aende tu.