Ngurumo ya Upande Wangu

Sikumpenda shemeji yangu hata siku moja, na sitajifanya mtakatifu hapa. Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Siku tulipomaliza matanga alisimama mbele ya ukoo mzima akasema gari la kaka yake si kitu cha kuchezewa na mwanamke. Mama mkwe, ambaye anakaa Beni, aliamua niachiwe kwanza, ila mambo yote ya fundi yapitie kwa shemeji. Nilikubali huku nimeuma meno. Gari hilo ndilo lililokuwa likitoa viazi vyangu Kipese na kuvifikisha soko la Beni, na bila hilo ningerudi kwa wazazi wangu na watoto wanne.

Lenyewe ni zee. Lilitoka nje ya nchi likiwa na usukani upande wa kulia, kama magari mengi ya Butembo. Miaka kumi na moja nilikaa kiti cha kushoto, kando ya mume wangu, nimeshika termosi ya chai na kumwambia kama njia ni wazi apite lori. Alipokufa nilihamia kulia.

Mvua zilipoanza, gari nalo likaanza kunguruma. Si injini. Ilikuwa sauti nzito iliyotoka chini, vuuu, ukishapita mwendo wa arobaini. Kila mtu sokoni alikuwa na dawa yake, na wengi wao hawajawahi hata kumiliki baiskeli. Nikaacha kuwasikiliza. Nilibadilisha matairi, ya mbele nikayapeleka nyuma. Sauti ikabaki palepale. Kwenye mteremko nilitoa gia, injini ikatulia, na ile vuuu ikaendelea. Basi ni gurudumu, nikasema. Halafu nikaanza kusikiliza kona. Kona ya kulia, sauti inapungua. Kona ya kushoto, uzito wote unaegemea kulia, na sauti inapanda hadi naisikia kwenye nyayo. Nilifanya hivyo safari tatu, redio imezimwa, mpaka sikuwa na shaka: ni beringi ya gurudumu la mbele kulia, ile mafundi wetu wanayoiita roulement.

Nilimpigia shemeji simu. Sikutaka kuongea naye kwa muda mrefu, kwa hiyo nilimwambia maneno machache tu.

"Ni roulement. Ya mbele, upande yangu."

"Sawa," akajibu, akakata.

Alilipeleka gari gereji huko Mususa wakati mimi niko Kipese nangoja viazi vichimbwe. Niliporudi nililichukua, nikapanda nalo kilima, na kabla sijafika juu nikasikia vuuu ileile. Nilirudi nyumbani kwake nikiwa nimejaa hasira. Alitoka mlangoni akiwa na mswaki mdomoni, akanisikiliza, akatema povu, akasema kwa sauti ili majirani wasikose neno.

"Roulement iko mupya. Kama motokari ingali inalia, donc ni juu ya mukono yako. Banamuke munavunja vitu, kisha munasema ni roulement."

Kama ningekuwa na kriki ya kuinulia gari karibu, leo ningekuwa naandika hadithi nyingine. Yeye akatoa simu palepale, akampigia mama yake Beni, akamweleza jinsi ninavyoua gari la marehemu. Aliniwekea simu sikioni nimsikie mama mwenyewe.

"Mulete motokari samedi," mama mkwe alisema. "Nitaisikia mimi mwenyewe. Kisha nitasema clé inabakia kwa nani." Nikaukaza ufunguo kiganjani.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya safari hiyo ya Beni, nilikuwa Mususa kabla fundi hajavaa ovaroli. Nilimwomba ile roulement ya zamani. Alichakura ndani ya debe la vyuma akanipa. Niliizungusha kidoleni. Ilizunguka laini, kimya, haikukwaruza popote. Hata mtu asiyejua lolote angeona chuma hicho hakina ugonjwa.

"Hii uliitoa upande gani?" nikamuuliza.

"Gauche," akasema, akinyooshea kidole gurudumu la kushoto.

"Nani alikuambia gauche?"

"Shemeji yako. Alisema, wewe mwenyewe ulisema ni upande yako." Akaniangalia usoni, naona naye alianza kuelewa. "Alisema: upande ya muke ya kaka, pale anakalaka."

Nilikaa juu ya tairi lililokuwa pale. Mwaka mzima nimeendesha gari hilo kwenye matope, nimelisukuma, nimelibadilishia mafuta, nimesimamishwa vizuizini na kuulizwa chauffeur, yaani dereva, yuko wapi. Na kichwani mwa shemeji bado nilikuwa nimekaa kiti cha kushoto, nimeshika termosi. Sijawahi kumchukia kama nilivyomchukia dakika ile.

Fundi aliinua upande wa kulia kwa kriki. Nilishika springi kwa mkono mmoja na kuzungusha gurudumu kwa mwingine, nikasikia mkwaruzo vidoleni, kama mchanga ndani ya maharage. Fundi alikuwa ameshachukua spana.

"Hapana gusa," nikamwambia. "Iache ilie. Itafika Beni na kurudi?"

"Bila mizigo, itafika. Mais hapana zidisha."

Jumamosi shemeji alikataa kuendeshwa na mwanamke. Alipanda pikipiki ya abiria, akafika Beni kabla yangu akiwa mwekundu wa vumbi hadi kwenye kope. Nilimkuta amekaa karibu na mama yake, anakunywa chai. Aliponyoosha mkono nimpe ufunguo, nilimwambia mama ameomba kusikia ngurumo, hakuomba yeye amwendeshe. Mama mkwe hakumtazama. Alichukua rozari yake na kitambaa cha kichwa, akaja moja kwa moja hadi gari, akafungua mlango wa kushoto, akakaa. Shemeji alilazimika kuingia nyuma, pale ninapowekaga viazi, magoti yakamfika kidevuni.

Sikueleza chochote. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwaga, nikayameza yote, kwa sababu nilitaka asikie bila mimi kumwekea maneno mdomoni. Niliendesha polepole kwanza, kisha nikaongeza mwendo. Vuuu ikaanza. Mama akainamisha kichwa. Kona ya kulia, ikapungua. Akaegemea mlango wake, akasikiliza chini ya miguu yake, akatikisa kichwa. Kisha ikaja kona ndefu ya kushoto, sauti ikapanda hadi dashibodi ikatetemeka, naye akageuka mzima mzima kunielekea, akanyoosha kidole kwenye miguu yangu.

"Ee! Haiko huku. Iko upande yako."

Nilimtazama shemeji kwenye kioo, na yeye akatazama viatu vyake.

"Unasema nini, mama?" nikauliza.

Alidhani ngurumo imenizuia kusikia. Akanisogelea, akapaza sauti.

"Niko nasema iko upande yako! Ya chauffeur! Clé inabakia kwako. Rudisha motokari kwa fundi, kisha ule fundi afanye ile unamuambia."