Bata Wawili wa Hariri

Miaka hiyo nilikuwa nikishona sare za shule Kitale, kwenye kibanda karibu na soko, na nikipata nafasi nadarizi vitambaa vya viti. Maua yangu yalikuwa yale yale ya kila mtu: waridi jekundu, majani mawili, basi. Halafu siku moja nikanunua kwa muuza vitabu vya mitumba kitabu kikubwa kisicho na jalada. Ndani mlikuwa na picha za hariri za Wachina wa kale, zilizofumwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Sketi niliyokuwa nikiipinda siku hiyo sikuimaliza. Nilikwama kwenye ukurasa mmoja: duara la lulu, na ndani yake bata wawili wanaotazamana, kila mmoja na utepe shingoni. Maelezo yalisema bata wawili ni alama ya mke na mume wanaopendana. Binamu yangu alikuwa anaolewa mwezi uliofuata, nikajua papo hapo nitampa nini.

Bata wa kwanza alitoka vizuri. Wa pili alinishinda. Kila nilipomchora akitazama upande wa pili, alinenepa au shingo ilirefuka. Nilifumua uzi mara tatu, hata kitambaa kikaanza kulegea. Jumamosi nikafunga kitabu ndani ya leso, nikaenda Bumula kwa senge, dada wa baba, mama yake bibi harusi. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika sindano.

Alivaa miwani, akaipeleka picha mlangoni penye mwanga. Akaifuata mistari yake kwa kidole.

"Angalia bawa ya huyu," akasema. "Si unaona hapa imekatika kidogo?"

"Naona, senge."

"Sasa angalia mwenzake."

Nikaangalia. Pengo lile lile, mahali pale pale, ila limegeuka.

"Huyu fundi hakuchora bata wawili, mama," senge akaniambia. "Alichora mmoja, akamgeuza."

Mtu wa nchi ya mbali, aliyekufa zamani mno, alikosea kidogo kwenye bawa, kosa likajirudia upande wa pili, na sisi tumemgundua tukiwa Bumula. Nilianza kucheka, senge naye akacheka, tukashindwa kunyamaza.

Alipaka karatasi mafuta ya kupikia ipitishe mwanga. Nikamchora bata wangu mzuri juu yake, kisha nikaigeuza karatasi, na yule wa pili akawa yuko pale tayari, mwembamba, ananitazama. Tulidarizi hadi saa kumi na moja jioni, senge akishona duara la lulu, mimi mabawa. Hatukukumbuka hata chai.

Siku ya harusi binamu yangu alikitandika kitambaa kile kwenye meza kuu, watu wakakizunguka. Senge alimweleza kila mtu habari za bawa lililokatika, hata wasiouliza. Kukhu mmoja, bibi mzee wa upande wa bwana harusi, alikipapasa, akaniuliza, "Hawa ni kuku?"

"Ni bata, kukhu. Ni mtindo wa Wachina wa zamani."

Akafikiri. "Mimi bata sili. Nitengenezee jogoo wawili, wakae hivi hivi ndani ya hii duara ya shanga."

Nilimwambia sawa. Kabla keki haijakatwa nilikuwa nimeshaomba kalamu, namchora jogoo wa kwanza nyuma ya kadi ya mwaliko, na senge ameniinamia begani akisema mkia uinuke zaidi.