Maharage ya Watu Wasiosemeshana

Nilipokuwa na miaka tisa, mimi ndiye niliyekuwa simu ya nyumba yetu pale Lewisham, London. Baba na mama hawakuwa wakisemeshana tangu Krismasi. "Mwambie baba yako maziwa yameisha," mama alikuwa akisema, na baba mwenyewe amekaa pale pale mezani. Nami nageuka, nafikisha. "Mwambie mama yako nimesikia." Basi nikajiona mtu muhimu kweli kweli.

Ugomvi niliujua juu juu tu. Baba alitaka turudi Tanzania. Mama, aliyekuwa nesi hapa, hakutaka hata kusikia.

Ndipo bibi, mama yake baba, akaja kututembelea kutoka Lushoto. Alikuwa mtu wa bustani maisha yake yote, na alipokiona kile kishamba tulichokodi kwa halmashauri, nyuma ya reli, nadhani alifurahi kuliko alivyofurahi kutuona sisi. Hali ya hewa ndiyo iliyomshinda. Asubuhi jua, mchana mvua ya mawe, jioni jua tena.

"Kwetu mvua ikianza unajua imeanza," alinung'unika. "Hii ya kwenu inacheza na watu."

Mwishoni mwa Machi likaja joto la ajabu, watu wakavua makoti. Majirani wa shambani wakaanza kupanda, na baba naye akatoa mbegu zake za maharage. Bibi akakataa katakata. Mume na mke wenye kinyongo, alisema, wakipanda, mbegu inakufa. Kwao hilo halikuwa na mjadala.

Baba alicheka. "Mama, hii ni London. Huku watu hawasemeshani na mboga zinaota vile vile."

Akapanda peke yake Jumamosi ile, mimi nikimwagilia huku nikiogopa maneno ya bibi. Maharage yakachomoza. Baba akaringa wee, akampeleka bibi kwa makusudi akayaone. Bibi aliinama, akagusa jani moja, akasema, "Haya, tusubiri."

Wiki iliyofuata ikaanguka barafu ya alfajiri. Tulipofika shambani majani yote yalikuwa meusi, yamelala chini. Nililia. Kisha nikaona viazi vya mzee wa shamba la pili navyo vimeungua, nikamuuliza bibi kwa Kiswahili changu cha kubabaisha: mbona na vya jirani vimekufa?

"Kwani wewe unajua kama nyumbani kwake wanasemeshana?"

Leo najua ilikuwa baridi tu. Maharage hayavumilii barafu, hata pakiti ya mbegu inakuambia. Lakini siku ile nilimwamini bibi mzima mzima, na jioni, mama alipoanza, "Mwambie baba yako," nilisukuma sahani.

"Mwambie mwenyewe. Maharage yamekufa kwa ajili yenu."

Bibi aliendelea kula, macho kwenye wali. Mwishowe mama akamtazama baba usoni.

"Umepanda maharage mwezi wa tatu?"

"Jua lilikuwa kali."

"Si ungeniuliza."

"Ungenijibu?"

Bibi akanishika mkono, akanipeleka chumbani na kufunga mlango. Tulisikia sauti zao hadi nikapitiwa na usingizi.

Mei tulipanda tena, wote wanne. Mama alifukua vishimo, baba akatia mbegu, na bibi akatusimamia kama mnyapara. Yaliota yote. Bibi akarudi Lushoto ameridhika. Majani ya miti yalipoanza kupukutika, baba naye akarudi Tanzania, peke yake, na hakuishi nasi tena.

Nilimkasirikia bibi kwa miaka mingi. Nilihisi ametudanganya: tulifanya alivyotaka, wakasemeshana, wakapanda pamoja, halafu? Alifariki kabla sijamuuliza.

Mwaka huu Machi imekuja na joto lile lile. Nina kishamba changu sasa, na juzi nilisimama pale na mbegu mkononi, nisijue nipande au ningoje, mama amekaa pembeni kwenye kiti cha kukunja. Nikamuuliza yale ambayo sikuwahi kuthubutu: walisema nini jioni ile?

"Tulisema ukweli," mama akajibu. "Yeye akasema hapa London anakufa taratibu. Mimi nikasema nikirudi kule nitakufa mimi. Tukalia wote wawili. Mwanangu, kabla ya siku ile nilikuwa namchukia baba yako. Baada ya hapo sikumchukia tena."

Nikachuchumaa, nikajifanya nang'oa magugu ili asinione machozi. Nilikuwa nimemwonea bibi bure. Hakuwahi kusema kwamba wakisemeshana baba atabaki. Alisema juu ya maharage tu. Hayo ya baba kubaki niliyaongeza mwenyewe, kwa sababu nilimtaka baba yangu.